Krismasi ya kwanza ya mtoto: kutoka Dar hadi Kibosho na kurudi

Ikifika katikati ya Desemba, Dar es Salaam huanza kuishiwa Wachagga. Maduka Kariakoo yanapigwa kufuli, mabasi ya Moshi yanajaa, na watani wanaulizana kama mjini kumebaki mtu wa kumkopa. Mimi si Mchagga. Ni Mbondei wa Muheza niliyeolewa Kibosho, kwa Wachagga wa Moshi, na Krismasi kadhaa nilizikwepa kwa kisingizio cha kazi. Mwaka niliojifungua, kisingizio kiliisha. Binti yetu alizaliwa Agosti, Novemba ilipoingia simu zikaanza: "Mnamleta lini?" Hakuna aliyeuliza kama tunamleta.

Tulimpeleka, tukarudi naye mzima. Lakini niligundua kwamba barabara, niliyoiogopa sana, ndiyo iliyokuwa rahisi. Shughuli ni ule upendo wa watu hamsini wanaotaka kumbeba mtoto siku moja, huku wewe ni mke uliyeolewa, huna mdomo wa kumkatalia shangazi wa mume wako. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye tiketi.

Hatua ya kwanza: amueni kama huyu mtoto ni wa kusafiri mwaka huu

Mtoto ambaye hajatimiza wiki sita, mimi ningebaki naye Dar. Hajapata chanjo za wiki ya sita, mama mwenyewe kidonda hakijapona sawasawa, na saa kumi za kukaa kwenye kiti cha basi baada ya upasuaji ni adhabu. Wazee wataelewa wakielezwa mapema. Hapo kuna silaha nzuri: zamani mzazi wa Kichagga alikaa ndani kama miezi mitatu, akilishwa mtori wa ndizi na kupumzishwa, hashiki jembe wala haendi sokoni. Ukimwambia bibi, "Mama, bado tumo ndani," hujamkatalia. Umemkumbusha mila yake mwenyewe.

Akiwa na miezi mitatu hadi sita, huo ndio umri mwepesi kuliko wote. Ananyonya tu, hatambai, analala popote. Chakula chake unatembea nacho kifuani. Akifika miezi saba au minane inabidi kufikiria uji, maji ya kunywa, na mikono inayookota kila kitu sakafuni. Inawezekana, ila begi linakuwa zito mara mbili.

Kabla ya yote fungua kadi ya kliniki utazame tarehe. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zikiangukia ndani ya safari, mtoto anaweza kuchomwa kituo chochote cha serikali huko mwendako mradi kadi mnayo. Chanjo ya surua na rubela huanza miezi 9, kwa hiyo mtoto aliye chini ya hapo bado hajachanjwa surua, naye anakwenda kukutana na watoto wa mikoa mitano ndani ya ua mmoja. Liweke hilo akilini mpaka tufike kwenye mambo ya kubebana.

Hatua ya pili: mpigie bibi kabla hujaulizia tiketi

Hii ndiyo hatua kubwa. Ukiifanya vizuri, nyingine zote zinalegea.

Mama mkwe ndiye mwenye ua. Neno lake likitoka, shangazi, mawifi na majirani wanalifuata. Neno lako likitoka, linakuwa "huyu mke wa Dar ana maringo". Sasa, usisubiri ufike ndipo uanze kukataza. Mpigie wiki tatu kabla, jioni akiwa ametulia, na usimpe masharti. Muombe ushauri. Mimi nilisema hivi: "Shikamoo mama. Mama, mjukuu wako kliniki wamesema asipewe kitu chochote zaidi ya ziwa mpaka miezi sita, na akikohoa mtu asimsogelee. Nami naogopa, huko watu ni wengi, wote wakubwa zangu. Nitafanyaje?" Akacheka. Akasema, "Hilo niachie mimi."

Na kweli aliachiwa. Siku ya pili ya sikukuu nilimsikia akimfokea mwanamume mzima aliyekuja anakohoa kutoka kilabuni: "Kaa hapo hapo mgombani! Mtoto utamuona akianza shule." Maneno hayo ningeyasema mimi, leo ningekuwa nimesharudishwa Muheza.

Katika simu hiyo hiyo malizeni mambo matatu: mtalala chumba gani (ombeni chenye mlango unaofungika, hata kama ni kidogo), nani wengine wanakuja na watoto wadogo, na wewe utapewa kazi gani. Usijifanye mgonjwa. Mke mwenye mtoto mchanga hategemewi kubeba mikungu, lakini kukaa bure kabisa kutaongelewa. Omba kazi ya kukaa. Ila usichague kumenya ndizi: utomvu unang'ang'ania vidole, hata ukipaka mafuta kabla, na mtoto akilia utakuwa unamshika na mikono inayonata. Kuchambua mchele na kukatakata vitunguu ndiyo kazi ya mzazi. Unaweza kuiacha wakati wowote, ukaikuta palepale.

Mume naye ana kazi yake, nayo si kusimamia nyama tu. Mkubaliane ishara. Sisi ilikuwa kanga nyekundu: nikijitupia begani, yeye anakuja kumchukua mtoto na kusema "anakwenda kulala", bila maelezo. Baba akimchukua mwanawe, nani atamuuliza?

Hatua ya tatu: ubatizo, kama mnautaka Desemba hiyo hiyo

Familia nyingi huunganisha, maana ndugu wote wapo na nyama imeshachinjwa. Parokia za huku hubatiza watoto wengi kipindi hiki, na tarehe 26, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, hupendwa sana. Lakini paroko wa Kibosho hatambatiza mtoto wa Dar kwa kuwa tu babu yake anamfahamu. Mtahitaji barua kutoka jumuiya na parokia mnakosali, na wazazi na wasimamizi watatakiwa kuhudhuria mafundisho. Pigeni simu ofisi ya parokia Oktoba au Novemba mapema. Anayepiga Desemba 20 anajibiwa "mje Pasaka".

Msimamizi kwa Wakatoliki awe amefikisha miaka 16, amepata kipaimara na anapokea Ekaristi, na hawezi kuwa baba au mama wa mtoto mwenyewe. Hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu kila shangazi anajiona ameshachaguliwa. Amueni wawili ninyi, mkiwa bado Dar, mumwambie mhusika na bibi siku moja. Wenzetu Walutheri wa KKKT, upande wa Machame na Marangu, nao wana utaratibu wao wa barua za usharika, na foleni yao ya Desemba si fupi.

Jina nalo. Kwa desturi ya wengi, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua la babu mzaa baba, wa kike la bibi mzaa baba. Kama mmeshamsajili mtoto kwa jina jingine, msilitangaze mezani mbele ya pombe ya mbege. Mwambieni mwenye jina kwanza, faraghani.

Hatua ya nne: tiketi, kiti na begi

Kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis hadi Moshi ni kilomita 550 na ushee. Siku za kawaida ni safari ya saa nane hadi kumi. Wiki ya Krismasi ongeza, maana msongamano hauanzi Kibaha wala hauishii Chalinze. Kateni tiketi Novemba, dirishani au mtandaoni, msimpe hela mpiga debe aliyewakimbilia getini. Ondokeni kabla ya tarehe 20 kama kazi inaruhusu. Tarehe 23 ni siku ya watu wasio na watoto.

Kiti: kaeni katikati ya basi. Nyuma kunarushwa, mbele kabisa ni hatari. Halafu kaeni upande wa kulia. Basi la alfajiri linaelekea kaskazini, jua la asubuhi linakuwa kulia lakini bado ni pole; likishapita saa sita linahamia kushoto, na hapo ndipo mnapokata ile nchi ya joto kutoka Mombo hadi Same. Aliyekaa kushoto na kichanga atashikilia kanga dirishani mpaka mkono ufe ganzi. Mkimudu kulipia kiti cha tatu, lipeni. Kuliko kununua nguo ya Krismasi ya mtoto ambayo ataijaza mate kwa dakika kumi, hela hiyo iende kwenye kiti.

Wenye gari dogo: mtoto akae nyuma kwenye kiti chake cha watoto kilichofungwa mkanda, asipakatwe mbele. Simameni kila baada ya saa mbili. Kuna pia treni ya Dar hadi Moshi, iliyorudishwa Desemba 2019 baada ya miaka mingi. Ni ya taratibu, lakini mtu anaweza kunyoosha miguu. Ulizieni ratiba na nafasi mapema. Wa ndege mpaka uwanja wa Kilimanjaro (KIA), mnyonyesheni inapopaa na inaposhuka, masikio yasimuume.

Begi la juu, lile lisiloingia buti, liwe na pampasi nyingi kuliko unavyodhani, nguo tatu za kubadili za mtoto na blauzi moja yako, mifuko ya kuwekea vichafu, taulo dogo, kadi ya kliniki, na maji yako mwenyewe lita moja na nusu, kwa sababu anayenyonyesha akikaukiwa, maziwa nayo yanapungua. Usiache sweta, kofia na soksi. Dar watakucheka. Lakini Kibosho iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku hata Desemba kuna baridi ya kumfanya mtu wa Pwani asalimu kwa meno.

Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo, usikoroge nyumbani. Pima unga kwenye vikopo vikavu, chukua maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai, koroga pale pale anapotaka. Akiacha, mwaga, kwenye joto la basi maziwa yaliyokwisha kuguswa na mdomo hayafai kuwekwa akiba.

Hatua ya tano: njiani

Mnyonyeshe kabla basi halijaondoka na usimwamshe kwa ratiba, akilala, shukuru. Mvalishe nguo nyepesi moja, sweta litoke Moshi. Mbeleko jifunge kwa mbele, umpakate kifuani, mikono ibaki huru. Basi likisimama Korogwe watu wakakimbilia chipsi, wewe kimbilia kumbadilisha mtoto kwanza, ukijua dereva anahesabu dakika. Kule kusimama kichakani kwa kuchimba dawa, mtoto abaki ndani na baba yake.

Mabibi wa viti vya jirani watataka kumpokea. Wengine ni msaada kweli. Mimi mmoja alinibebea kutoka Mwanga hadi Himo nikasinzia, na bado namkumbuka. Mwenye mafua mwambie mtoto anataka ziwa. Haina ubishi.

Hatua ya sita: usiku wa kwanza

Msifike na kugawa mtoto mlangoni. Salimieni, shikamoo zote, babu na bibi wamshike kwanza wakiwa wameketi, kisha ingieni chumbani umnyonyeshe na umbadilishe. Wengine watamuona kesho. Huo utaratibu nao mwachieni bibi autangaze.

Chumbani angalia mambo machache. Chandarua chenye dawa mlichotoka nacho kifungwe, hata wakikuambia huku juu hakuna mbu. Mtoto alale chali, blanketi lisifike usoni. Asilale kitanda kimoja na mtu aliyekunywa, awe ni baba yake au nani. Na hili nalisema kwa herufi nzito moyoni: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kumpasha mtoto joto. Watakuletea kwa upendo kabisa, limekolea vizuri, halina hata moshi. Hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua watu wazima wakiwa usingizini, sembuse kichanga. Toa jiko, ongeza sweta, mlaze karibu nawe.

Jikoni kwenye kuni usikae naye. Nenda ukasalimie, onja, rudi.

Hatua ya saba: mate, mbege, mtori

Mzee wa Kichagga akimbariki mtoto anaweza kumtemea mate kidogo. Ni baraka kubwa, usiruke kama umeona nyoka. Babu yake binti yetu alishaelezwa na mkewe; alipofika wakati, akatema chini karibu na miguu ya mtoto, akasema maneno yake kwa Kichagga, wote tukaitikia. Baraka ilifika.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, wapo wanaopenda kuchovya kidole na kumlambisha mtoto "aijue kwao". Huo hapana, na hapo bibi ndiye ngao. Nawe utaambiwa unywe ili maziwa yaje. Kinachovuta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, na wewe kula na kunywa maji. Pombe inapita kwenye maziwa. Kunywa mtori. Kunywa mtori mwingi. Ndizi zilizosagika na nyama ya mfupa, moto, saa moja asubuhi ukungu ukiwa bado migombani: mimi niliyekulia mihogo ya nazi nilisalimu amri.

Lakini mtori ni wako. Shangazi mmoja alishamfikisha binti yangu kijiko mdomoni, miezi minne, akisema "anautamani huyu". Sikugombana. Nilimchukua nikasema, "Shangazi, mwakani atakula wa mkono wako." Kwa mtoto aliyepita miezi sita, ndizi iliyopondwa kabla ya chumvi haijatiwa ni chakula kizuri sana. Asali asilambe mpaka atimize mwaka, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya hapo.

Jambo la mwisho hapa ni zito kidogo. Mtoto akiharisha au akipata homa, anaweza kutokea mtu wa kusema ana meno ya plastiki yanayotakiwa kung'olewa, au kimeo cha kukatwa. Hayo meno hayapo. Kinachochimbuliwa ni meno yake halisi yaliyo bado ndani ya fizi, kwa chuma ambacho hujui kimetoka wapi. Usimwachie mtoto peke yake na mtu mwenye wazo hilo.

Hatua ya nane: tarehe 24, 25 na 26

Misa ya mkesha ni nzuri na ni ndefu, na kurudi usiku ni baridi na tope kama mvua za vuli bado zipo. Mmoja wenu aende, mwingine abaki na mtoto. Asubuhi nendeni wote, kaeni karibu na mlango wa pembeni.

Picha pigeni saa tatu hadi saa nne asubuhi, mtoto ameshiba na wanaume hawajaanza mbege. Anzeni na mzee kuliko wote. Sisi tulimkalisha binti yetu mapajani mwa mama yake babu, kizazi cha kwanza na cha nne, bibi hana jino, mtoto hana jino, wote wawili wanacheka. Nyuma ya nakala tuliyoitoa tuliandika majina yote na tarehe. Fanyeni hivyo mapema, maana baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka yule mwenye kofia ni nani.

Nyama ikiiva na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kuwekwa mezani, kelele zinapanda, na mtoto anachoka kabla hajalia: anageuza uso, anapiga miayo, anasugua macho. Hapo kanga nyekundu begani. Msisubiri kilio. Apewe saa moja ya chumba chenye giza, atarudi amechangamka na kila mtu atasema mtoto huyu ana tabia nzuri.

Zawadi andikeni kwenye daftari: nani kaleta kuku, nani kamtia mtoto noti kiganjani, nani kaahidi mbuzi. Mbuzi mwacheni kwa bibi amfuge. Ninyi mlitoka Dar na nini? Sukari, mchele, mafuta, sabuni, kitenge cha bibi na blanketi la babu vinatosha.

Hatua ya tisa: akiugua

Siku ya kwanza kabisa, mkiwa mnapiga soga, ulizeni nani ana gari na namba yake. Kibosho kuna hospitali, na mjini Moshi kuna Mawenzi na KCMC. Mtoto chini ya miezi mitatu akiwa na homa, nendeni usiku huo huo. Umri wowote: akigoma kunyonya, akipumua kwa kasi au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, akilegea asiamke vizuri, akidegedega, au pampasi ikibaki kavu kwa saa nyingi, msingoje kupambazuke. Kwa kuharisha endelea kunyonyesha, na ORS mpe kama mhudumu alivyoelekeza. Dawa za wenzenu waliokuja na watoto wao, hata kama ni wakarimu, zibaki kwenye mabegi yao.

Hatua ya kumi: upande wa pili, kisha nyumbani

Bibi mzaa mama naye ana macho. Sisi tulikata tiketi ya kurudi mapema, tarehe 29, kabla ya lile wimbi la Januari 2 hadi 5, tukashukia Segera. Pale ni njiapanda. Kwetu Muheza unaingia kwa gari dogo. Tukalala siku tatu, mama yangu akambeba mjukuu mgongoni kwa mbeleko yake ya tangu sisi, Mwaka Mpya tukala wali wa nazi na samaki, ndipo tukapanda basi la Tanga kwenda Dar.

Mkifika, fueni kila kitu, pamoja na nguo ambazo hazikuvaliwa, maana moshi wa kuni umeingia hadi kwenye soksi. Tazameni kadi ya kliniki. Mpimeni uzito mtoto wiki ile ile. Halafu mpigieni bibi Kibosho mmwambie mmefika, na muulizie hali ya mbuzi.